Mwenyekiti Aliyesema Tubaki

Kabla hajachaguliwa, watu wa Cañadón Hondo hawakuwa na haja ya jina lake. Walimwita Gayego, kama wanavyomwita kila Mhispania anayeshuka hadi kusini mwa Ajentina, awe ametoka Galisia kweli au asiwe. Baldomero Riesco alitoka milima ya León. Baba yake alichunga kondoo wa matajiri mpaka mgongo ukapinda kama mundu, na kijana alipotimiza miaka kumi na minane akaona kwamba akibaki, wake nao utapinda vivyo hivyo. Akaaga, akapanda meli, na haikupita miezi miwili akajikuta anachunga kondoo wa matajiri wengine, katika nchi ambayo upepo wake humvua mtu kofia kisha ukarudi kutafuta kichwa.

Kampuni iliyomwajiri ilimweka kwenye kibanda mwisho kabisa wa ranchi, siku mbili kwa farasi kutoka kwa binadamu wa karibu. Alikaa huko miaka minne. Aliyekuwa akimpelekea unga na majani ya mate, chai chungu ya huko, alisimulia baadaye kwamba kila alipofika alimkuta Gayego anabishana na mbwa wake, na mara nyingi mbwa ndiye aliyekuwa na hoja.

Hakunywa, hakucheza kamari. Sehemu ya mshahara wake aliomba apewe kondoo majike, wale vilema na wale wazee ambao kampuni ingewachinja. Mwaka wa kumi na moja serikali ikampangisha eneo ambalo hakuna aliyelitaka, mawe matupu na vichaka vya miiba, ila lilikuwa na chemchemi moja ya maji matamu. Akaliita La Porfía, maana yake ubishi.

Mkewe alimpata kwenye unyoaji wa kondoo. Edelmira Cárcamo alikuwa binti wa mpishi wa kikosi cha wanyoaji, watu wa visiwa vya Chiloé. Siku moja alimpakulia mchuzi Baldomero akakunja pua.

"We kaka unanuka kondoo."

"Na wewe unanuka vitunguu."

"Basi tutafaa sufuria moja," akasema Edelmira, akageuka kuwahudumia wengine. Baldomero alishinda siku nzima anajiuliza kama ule ulikuwa mzaha. Haukuwa mzaha. Walioana kabla ya theluji, wakajenga nyumba ya mabati juu ya chemchemi, wakazaa mtoto mmoja wa kike, Amparo, aliyekua akawa mwalimu huko pwani.

Mwaka wa tatu wa ndoa ilifika barua kutoka kwa dada yake. Serikali ya Hispania ilikuwa imejenga bwawa, na kijiji chao chote kiko chini ya maji: kanisa, nyumba, makaburi. Watu wamepewa karatasi, kila mmoja ameshika njia yake. Baldomero aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kutengeneza uzio. Tangu siku ile ilipita miaka mingi hakuna aliyemsikia akiiita Hispania kwetu.

Siasa ilimjia kwa bahati. Alikuwa ameingia mjini kununua chumvi siku ambayo ofisa kutoka makao makuu ya mkoa alikuja kutangaza kwamba shule itafungwa na watoto wapelekwe bweni pwani. Mji wenyewe ulikuwa na familia sitini na moja, shule hiyo, zahanati yenye muuguzi mmoja, kituo cha polisi na duka la Vinko Barišić, mtoto wa Mkroeshia. Watu walimsikiliza ofisa kimya, kofia mikononi. Baldomero akasimama nyuma na viatu vyake vya matope.

"Bwana mkubwa, leo unafunga shule. Kesho zahanati. Keshokutwa utatuletea karatasi kwamba hapa si mahali pa watu. Mimi hiyo karatasi ninayo moja nyumbani, sihitaji ya pili."

Shule ikabaki. Uchaguzi uliofuata wakamweka awe mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Alimshinda Vinko kwa kura tisa.

"Umepigiwa na kondoo wako," Vinko alimwambia, huku akimfungia chumvi.

"Kondoo wangu wana akili. Hawanunui kwako."

Alikaa kwenye kiti hicho miaka kumi na sita. Mikutano aliiendesha kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mbwa ng'ambo ya bonde, na kwa ukaidi ule ule aliuombea mji pampu ya maji, kisha greda ya kufungulia barabara wakati wa theluji, kisha miche elfu mbili ya mipopla ya kukinga upepo. Alipofikisha miaka sitini alikuwa na kondoo elfu tatu na mia moja, na mji ambao ulikuwa haujapoteza hata familia moja tangu aushike. Hilo la pili ndilo alilojivunia zaidi.

Majivu yalianza Jumatatu moja ya Agosti, katikati ya majira ya baridi, saa sita mchana. Edelmira alikuwa anakaanga maandazi. Kuku wakaingia bandani mmoja mmoja kwenda kulala. Baldomero akatoka nje akadhani ni theluji, akakinga kiganja. Kilichoangukia kiganjani kilikuwa cha kijivu, kilikwaruza kama simenti, na hakikuyeyuka. Hewa ilinuka kiberiti.

Segundo Nahuelquir, msimamizi wake wa miaka ishirini, alikuja juu ya farasi amejifunga kitambaa usoni, macho mekundu.

"Mzee, mlima umepasuka upande wa Chile. Redio inasema tusitoke."

"Kondoo je?"

"Kuhusu kondoo redio haikusema kitu."

Giza lilikaa siku tatu. Siku ya nne jua lilionekana kama sarafu chafu, na majivu yalifika katikati ya muundi. Kama yangeishia hapo, labda wangeyazoea. Lakini ile ni nchi ya upepo. Siku ya tano upepo ukaamka, ukainua yote yaliyokuwa yameanguka, na tangu hapo majivu yakawa yanaanguka kila siku, kutoka juu, kutoka pembeni, hata kutoka chini ya mlango.

Kondoo ndio walioumia kwanza. Sufu ilijaa majivu, majivu yakanyonya ukungu, na kila kondoo akabeba mgongoni mzigo wa mawe. Akilala hainuki. Nyasi zilikuwa zimefukiwa, wakatafuna vijiti vyenye mchanga mpaka meno yakaisha kama yamepigwa tupa. Wengine walipofuka, wakawa wanafuata sauti ya mwenzao, na mwenzao naye haoni. Baldomero na Segundo walizunguka kila siku wakiwainua. Unamwinua huyu, ukigeuka wa jana yuko chini tena.

Siku ya tisa ulikuja ujumbe wa redio kutoka makao makuu. Alhamisi yatafika mabasi matano kuwachukua watu wote kuwapeleka pwani, wakalale kwenye ukumbi wa michezo hadi hali itulie. Mwenyekiti asaini.

Walikutana shuleni, vitambaa vichwani, kila mtu anakohoa. Vinko alizungumza kwanza.

"Mimi nina duka. Tukiondoka, wa kwanza kufilisika ni mimi, kwa hiyo mtu asiniambie naongea kwa faida. Naongea kwa mapafu. Twendeni. Mji ni watu. Watu wakiwa hai watarudi."

"Watarudi!" Baldomero akadakia. "Nani amewahi kuona watu wakirudi? Wakishakupa kitanda pwani watakupa kazi ya kufagia, watoto wataingia shule ya huko, na hapa watafunga pampu, watachukua greda. Mji ukihamwa mara moja huwa mahame. Mimi kwetu waliwaambia watu hivyo hivyo, ni kwa muda tu. Leo samaki wanaogelea jikoni kwa mama yangu."

Hata waliokuwa wameshafunga mizigo walitazama chini.

"Mvua zitakuja Septemba," akaendelea, taratibu sasa. "Zitayalaza. Wiki tatu, nne. Tumevumilia mabaya zaidi. Nawaomba tubaki."

Aliyesimama kumuunga mkono alikuwa Herminda Oyarzo, mjane wa miaka sabini na minne aliyeoka mkate wa mji mzima. "Mimi nabaki na mwenyekiti," akasema. "Huko pwani mkate wao ni kama sifongo. Sina meno, lakini nina heshima yangu."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichopiga kura. Alhamisi mabasi yaliondoka na familia ishirini na tatu. Thelathini na nane zilibaki. Baldomero akasaini karatasi kwamba mji umekataa kuhamishwa kwa hiari yake. Vinko alibaki pia.

"Nilidhani wewe ungepanda la kwanza," Baldomero akamwambia.

"Nimeshindwa kura, sijashindwa akili. Nikifunga duka hawa wako watakula nini? Hotuba?"

Mvua hazikuja. Kilichokuja ni baridi.

Mwisho wa Agosti kondoo walikuwa wamebaki elfu moja na mia mbili, majike karibu wote, wenye mimba za Oktoba. Segundo alimkuta Baldomero amepiga magoti, anakwangua mgongo wa jike mmoja kwa kisu.

"Tuwanyoe, mzee. Mzigo utatoka."

"Tukiwanyoa saa hizi baridi itawaua."

"Na tusipowanyoa?"

Baldomero akaendelea kukwangua. Kulikuwa na njia mbili, na zote ziliishia machinjioni. Mwishowe akachagua mia nne walio na nguvu, wakawanyoa kwa mikono siku tatu mfululizo, makasi yakipoteza makali kila baada ya kondoo wawili. Walionyolewa walisimama wepesi, wakatembea, mmoja akaruka kama mwanakondoo. Segundo akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Siku mbili baadaye ikashuka sakitu ya kuvunja mawe. Asubuhi Baldomero alikwenda kwenye uzio akawakuta wamebanana pembeni, mia nne kasoro wachache, weupe, safi, wamekufa wakiwa wamesimama kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka.

Alirudi nyumbani akakaa mbele ya jiko. Edelmira alikuwa amejifunga taulo bichi mdomoni. Kikohozi chake kilikuwa kimebadilika, kilitoka mbali kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Baldo," akasema, "nipeleke kwa Amparo."

"Mvua ikija..."

"Sijakuuliza habari za mvua."

"Nikiondoka mimi, wote waliobaki wataona nimewadanganya."

Edelmira akavua taulo mdomoni. "Kwa hiyo mimi nikohoe kwa ajili ya siasa," akasema, akanyanyuka kwenda kulowesha taulo.

Herminda alikufa Jumanne ya wiki ile. Pumu ilimbana alfajiri, muuguzi alikuwa amemaliza dawa, na gari la wagonjwa lililoitwa kutoka njia panda ya lami lilikwama kwenye majivu likarudi. Alikata roho mchana, akiwa amekaa, mikono imeshika meza. Walimzika siku ya pili yake, na mchimbaji alilazimika kumwaga maji ili majivu yasirudi kaburini.

Baldomero alitoka na hotuba mfukoni, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyezungumza kila mazishi. Nora, binti wa Herminda, mwanamke wa miaka arobaini aliyesaidia kukanda unga, alimwona anafungua karatasi.

"Usithubutu," akasema.

"Nora, mwanangu..."

"Mimi si mwanao. Mama alikuwa ameshafunga begi. Unajua? Alilifunga Jumatano. Akaja kukusikiliza, akaenda kulifungua." Hakupaza sauti. "Hotuba zako zinatosha, Don Baldomero. Hiyo nyingine itamuua nani?"

Hakuna aliyemkemea. Baldomero akairudisha karatasi mfukoni.

Kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja kwenye redio ya halmashauri akaomba mabasi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya heshima. Ikamkumbusha kwamba ipo karatasi yenye saini yake. Magari yamepelekwa miji mingine. Barabara ya Cañadón Hondo imefungwa na haitafunguliwa kabla ya Oktoba. Akaomba tena kesho yake. Akaomba siku ya tatu, na safari hii, yeye aliyewahi kumfokea ofisa mbele ya watu, alisema tafadhali mara nne. Siku ya nne hawakupokea.

Akaenda dukani. Vinko alikuwa anafuta makopo ambayo yangejaa majivu tena kabla hajafika mwisho wa rafu.

"Nilikosea," Baldomero akasema.

"Funga mlango kwanza, unaniingizia jangwa."

Akafunga. "Nilikosea, Vinko. Uliwaambia ukweli, mimi nikawaambia habari za kijiji changu. Sasa sijui niwatoe vipi. Wewe wanakusikiliza huko mkoani. Waombe."

"Nimeshawaomba. Unadhani nilikuwa nakusubiri? Wamenijibu vile vile." Vinko akaweka kitambaa chini. "Tuna greda."

"Tuna greda bila dizeli. Pampu imekunywa yote."

"Huko kwako je?"

Baldomero alikuwa na mapipa sita ranchini. Mtu wa pwani alikuwa amemuahidi malisho, na lori lilikuwa limekodiwa lijaribu kupita upande wa mtoni likachukue majike mia sita waliobaki. Lori lile lilihitaji dizeli ya kwenda na kurudi mara tano. Mia sita wenye mimba maana yake ni kuanza tena. Bila wao, miaka arobaini na mbili ingekuwa imeishia pale alipoanzia, na sasa hakuwa na miaka kumi na minane.

Vinko alijua habari za lori, mji mzima ulijua. Akaokota kitambaa akaendelea kufuta.

"Mapipa sita yanafika kwenye lami?" Baldomero akauliza.

"Greda, na magari yote nyuma yake. Yanafika. Hayarudi."

"Basi kesho kutwa."

Ilibaki kazi ya majike. Kuwaacha wafe kidogo kidogo, vipofu, matumbo yamejaa mchanga, hawakuweza. Risasi zilikuwa kumi na nane. Kwa hiyo yeye na Segundo walinoa visu, wakaanza asubuhi, wakafanya siku nzima. Kondoo hawakukimbia. Walipumzika mikononi mwao kama waliokuwa wakingoja waitwe. Kila mmoja aliyefunguliwa shingo, tumbo lilicheza kidogo baada ya yeye mwenyewe kutulia. Baldomero aliliona hilo mara ya kwanza, na ya pili, kisha akawa anageuza uso. Ilipofika adhuhuri alikuwa analia bila sauti, machozi yakichora mifereji kwenye majivu ya mashavu. Segundo alijifanya haoni, na Baldomero akajifanya haoni kwamba Segundo naye analia.

"Mzee," Segundo akasema walipofika kama mia tano, "kapumzike. Nitamaliza."

"Ni wangu."

"Wangu pia. Nimewazalisha mimi hawa. Wewe ulikuwa mikutanoni."

Wakamaliza pamoja.

Safari ya kutoka mjini hadi lami ilikuwa kilomita mia moja na hamsini. Magari kumi na tisa yalijipanga nyuma ya greda, malori, pikapu, trekta lenye tela. Majivu yaliua injini kwa kuingilia chujio la hewa, na dawa pekee iliyojulikana ilikuwa kuvisha chujio soksi ndefu za nailoni za wanawake. Vinko alitoa zote za dukani, zilipokwisha wanawake wakatoa za kwao.

"Siku yako hii, Gayego," Vinko akasema akimpa furushi. "Wanawake wote wa mji wamekuvulia soksi."

Baldomero hakucheka, lakini Edelmira, aliyekuwa amefunikwa blanketi kwenye pikapu, alicheka hadi kikohozi kikamkata.

Segundo aliendesha greda. Siku ya kwanza walikwenda kilomita tisini, wakalala kwenye magari karibu na nyumba ya wakala wa barabara iliyohamwa. Siku ya pili upepo ukasimama mbele yao kama ukuta. Segundo hakuona hata ncha ya jembe la greda. Upande wa kushoto kulikuwa na korongo, na trekta lililojaribu kupita hapo wiki iliyotangulia lilikuwa bado limelala humo chini.

Baldomero akashuka. Akajifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye greda, akachukua fito la uzio.

"Unakwenda wapi?" Segundo akapiga kelele.

"Nakutafutia barabara! Kamba ikilegea, simama. Ikivutika, nifuate!"

Alitembea mbele ya greda kilomita kumi na moja. Alipiga fito kulia, akapiga kushoto. Kokoto zikilia, ni barabara. Fito likizama, ni korongo. Miwani ya kuchomelea vyuma aliyovaa ilichubuka mpaka haikupitisha mwanga, akaivua akaendelea na macho matupu. Alianguka mara nyingi. Nyuma yake alisikia honi za magari, moja baada ya nyingine, zikiitikiana kuhakikisha hakuna aliyeachwa, na alizihesabu: kumi na tisa. Zikipungua alilegeza kamba wangoje. Fito lilipogonga kitu kigumu, tambarare, alipiga tena na tena kwa kuwa hakuamini, halafu akakaa chini juu ya lami.

Kwenye ukumbi wa michezo pwani, ofisa kijana mwenye orodha alisimama mlangoni. "Cañadón Hondo? Nani kiongozi wenu?"

Watu walitazamana. Baldomero, macho yamevimba yamejifunga, alikuwa ameshikwa mkono na Amparo, aliyekuja kuwapokea.

"Hatuna," Nora akasema.

Ofisa akainua kichwa. Vinko akasogea mbele akaanza kutaja majina, familia moja moja, zote thelathini na nane. Alipofika kwa Oyarzo akasema, "Mmoja," badala ya wawili.

Barua ya kujiuzulu ilikuwa na mistari mitatu. Amparo aliiandika, baba yake akaiwekea saini kwa kupapasa. Jicho la kulia lilirudi kiasi, la kushoto likabaki na ukungu.

Mvua kubwa zilikuja mwaka uliofuata. Familia kumi na saba zikarudi Cañadón Hondo, shule ikafunguliwa na watoto tisa. Vinko akawa mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka kiti. Daktari alimkataza Edelmira kurudi bara, mapafu yake hayawezi. Baldomero akarudi na Segundo tu, wakaanza upya na kondoo tisini. Kila Ijumaa ya pili alipanda basi kwenda kwa mkewe, saa saba njiani, na Jumatatu akarudi. Misimu miwili walizalisha, misimu miwili meno ya kondoo yakaisha kwa mchanga kabla hawajafika umri wa miaka mitatu.

Siku moja Edelmira alimwambia, wakiwa wanakunywa chai ya mate jikoni kwa Amparo, "Nimekuhesabia. Tangu mwaka juzi umelala hapa siku mia na nne. Mimi sijui nina mia nyingine ngapi."

Alikwenda La Porfía mara ya mwisho kumkabidhi Segundo ranchi na karatasi yake. Segundo alikataa kuipokea.

"Unanipa majivu, mzee?"

"Nakupa chemchemi. Majivu ni nyongeza."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa kwako. Mimi kwetu hata pa kushindwia hapapo."

Segundo akaichukua karatasi, akaiweka ndani ya kofia. Walikumbatiana wakiwa wamesimama kwenye upepo, kisha Baldomero akaenda kungojea basi.

Edelmira aliishi miaka miwili zaidi, akazikwa pwani. Baldomero alibaki chumbani nyuma ya nyumba ya binti yake, akifanya kazi ya kupanga sufu kwenye ghala kwa mikono, kwa kuwa vidole vilijua ubora ambao macho hayakuuona tena. Kwenye mikutano ya watu wa Cañadón Hondo waliobaki pwani alialikwa mara tatu. Hakwenda.

Nora alikutana naye mara moja tu, hospitalini, kwenye foleni ya macho. Alikuwa amempeleka mjukuu wa jirani. Baldomero aliitambua sauti yake ikimwambia mtoto akae vizuri. Akangoja, akasafisha koo.

"Nora. Ni mimi, Riesco."

"Nimekuona."

"Nilikosea. Kuhusu mama yako. Nilitaka nikuambie muda mrefu, sikuwa na maneno."

"Wewe? Ukose maneno?" Nora akamgeukia. Mtoto alimuuliza huyo ni nani, akamwambia ni mtu wa nyumbani. Kisha akasema, si kwa ukali na si kwa upole, "Najua ulikosea, mzee. Nilikuona umefungwa kamba pia. Yote mawili ninayo. Sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu."

Muuguzi akatoka akaita namba arobaini na sita. Baldomero aliitazama karatasi yake kwa karibu, akashindwa kuisoma. Nora akaichukua mkononi mwake, akaitazama, akamrudishia.

"Ni wewe," akamwambia, na Baldomero akanyanyuka, akapapasa ukuta kuutafuta mlango.